Kabla Hujavuka Ukingo: Kufunga Kamba na Kushuka Jengo Refu kwa Usalama

Ukipita Posta, Dar es Salaam, asubuhi ukainua macho, huwakosi watu wawili watatu wamening'inia kwenye vioo, ndoo ubavuni, mpira wa kufutia maji mkononi. Walio chini hudhani ujasiri uko pale. Pale hakuna ujasiri wowote. Ukishafika kwenye kioo umekaa, unafuta. Mambo yote yaliamuliwa juu ya paa, saa nzima kabla, na mtu aliyepiga magoti akitazama fundo.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza, na wa msimamizi wa jengo anayetaka kujua aone nini juu ya paa lake kabla hajasaini kibali cha kazi. Haumfundishi mtu kushuka. Hilo hufundishwa kituoni: kwa utaratibu wa IRATA, chama cha kimataifa cha kazi za kamba, ni siku zisizopungua nne za mazoezi, kisha siku ya mtihani, na cheti kinaisha baada ya miaka 3. Kutoka daraja la kwanza kwenda la pili unatakiwa uwe na saa 1,000 za kamba na miezi 12 kazini, na kwenda la tatu vilevile. Wa daraja la tatu ndiye msimamizi, na bila yeye eneo la kazi hamna kazi. Hakuna kwenda peke yako, hata kwa dirisha moja.

Mbili, lakini mbili kweli

Kila fundi yuko kwenye kamba mbili. Kamba ya kazi inabeba uzito wake. Kamba ya akiba haibebi kitu mpaka siku ya kwanza ikishindwa. Kila moja ina nanga yake juu, yaani mahali imara inapofungwa, na kifaa chake mwilini. Mbinu hii ilianzia kwa wapekuzi wa mapango wa Ulaya, ambao walishuka na wangali wanashuka kwa kamba moja. Ilipoingia kwenye mitambo na majengo ya Uingereza miaka ya 1980, kamba ya pili ikaongezwa, na haijaondoka.

Fundi mgeni huhesabu: moja, mbili, sawa. Hesabu hiyo haitoshi. Vitu viwili vinavyoweza kuharibiwa na sababu moja ni kitu kimoja. Nanga mbili kwenye bomba moja ni nanga moja. Kamba mbili zilizolala juu ya bati moja kali ni kamba moja. Mafundo mawili yaliyofungwa na mtu mmoja mwenye usingizi, pasipo jicho la pili, nayo ni fundo moja. Katika kila hatua inayofuata tunawinda jambo hilohilo: ni wapi mbili zimegeuka moja bila sisi kujua?

Nitatumia mfano wa jengo la ghorofa 18, mita 65 kutoka paa hadi lami.

Hatua ya 1: Panda paani mikono mitupu

Siku moja kabla, panda na daftari tu. Tafuta vitu vya kufungia: nguzo ya zege inayotokeza, boriti ya chuma, chumba cha mashine ya lifti chenye kuta za zege, au macho ya chuma yaliyowekwa na mjenzi kwa ajili ya kazi hii. Macho hayo yasikutie upofu. Yanatakiwa yawe na karatasi ya ukaguzi ya ndani ya miezi 12. Hapa pwani chumvi inakula chuma kutoka ndani ya tundu, mahali rangi haifiki, na kichwa cha juu kinabaki kinang'aa kama kipya.

Nanga ya mtu mmoja tunaitaka ihimili kilonewtoni 15, yaani kama tani moja na nusu. Wateja hucheka: "Kaka, wewe una kilo themanini!" Hesabu yake ni hii. Vifaa vya akiba hutengenezwa ili mtu akianguka, mshtuko unaomfika usizidi kilonewtoni 6. Zidisha 6 kwa mbili na nusu, unapata 15.

Visivyofungiwa kamwe: reli ya ngazi, mabomba ya kiyoyozi, mlingoti wa antena, kuta nyembamba za matofali, na simtanki. Hili la mwisho nalisema kwa sababu niliwahi kuambiwa na mlinzi wa jengo, mzee mwema kabisa, "Fungeni hapo mwanangu, lita elfu kumi hizo, hata tembo halisogezi." Kwa hesabu alikuwa sahihi: lita 10,000 za maji ni tani 10. Ila saa tano asubuhi watu wa usafi walilifungulia ili walisugue. Kufika mchana lilikuwa ganda la plastiki linaloyumba kwa upepo. Sisi tulikuwa tumefunga kwenye nguzo, tukalitazama tu, kimya.

Kabla hujashuka ngazi, uliza pia nani mwingine atakuwa na ufunguo wa paa siku ya kazi. Fundi wa viyoyozi anayehitaji njia anaweza kusogeza kamba yako kwa nia njema. Mlango ufungwe, au mtu wenu akae juu muda wote.

Hatua ya 2: Nanga na mafundo

Kamba yenyewe iwe ya kipimo cha Ulaya cha EN 1891 aina A, unene wa milimita 10.5 au 11, ile isiyonyooka sana. Si kamba ya katani, si manila ya dukani, na si kamba ya wapanda milima, ambayo imetengenezwa inyumbulike. Kwa mita 65 beba mita 80 na zaidi. Nanga ziko mbali na ukingo, mafundo yanakula kamba, na mkia lazima ubaki.

Funga kila kamba kwenye nanga zote mbili, lakini kila kamba iwe na nanga yake kuu. Kamba ya kazi inashika nanga ya kushoto kwa fundo la kipepeo, kitanzi kinachofungwa katikati ya kamba, na kuishia nanga ya kulia kwa fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8. Kamba ya akiba inafanya kinyume. Katikati usiache kamba legevu. Nanga moja iking'oka, fundi asidondoke nusu mita ndipo ya pili imdake.

Nanga mbili zikigawana mzigo, tazama pembe ya mikono ya kamba inapokutana. Ikiwa digrii 90, kila nanga inabeba kama asilimia 70 ya mzigo. Ikifika 120, kila nanga inabeba mzigo mzima, yaani hujagawana kitu. Ikifika 150, kila moja inabeba karibu mara mbili. Watu hawaamini mpaka uwape kamba wavute. Chukua kamba, watu wawili washike ncha, ning'iniza ndoo ya maji katikati, kisha waambie wainyooshe iwe sawa kama mstari. Hawataweza.

Fundo la nane litazame kwa karibu. Nyuzi mbili zinatembea sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho kama reli. Zikipishana mahali, lifumue na uanze tena. Kaza ncha moja moja, zote nne. Mkia usipungue sentimita 10. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, kwa makadirio ya kikazi hesabu theluthi. Ndiyo maana aina A hutakiwa kuhimili kilonewtoni 22 ikiwa tupu na 15 ikiwa na fundo.

Mwisho wa chini wa kila kamba weka fundo la kuzuia. Mnalisahau kwa sababu liko mita 65 chini, na huwezi kuliona ukiwa juu. Lifunge kabla kamba haijatoka kwenye mfuko wake.

Hatua ya 3: Ukingo

Hapa nitakaa.

Kamba yenye mtu haikatiki hewani. Hukatikia pale inapogusa kitu. Na mfuta vioo hashuki wima. Anajisukuma kushoto, anafuta, anajisukuma kulia. Kila anapofanya hivyo, kamba juu inatambaa kwenye ukingo sentimita chache kwenda na kurudi. Msumeno nao unafanya hivyohivyo. Fundi haoni, hasikii, kwa sababu yuko ghorofa sita chini ya mahali pabaya.

Piga magoti. Pitisha kiganja juu ya ukingo wote, kisha ingiza vidole upande wa nje usioonekana. Majengo mengi mapya ya hapa yana zege la mviringo kwa ndani, na kwa nje kuna karatasi ya alumini au bati la kuzuia maji, ncha yake imekunjwa vibaya. Ncha hiyo ya milimita moja ndiyo adui yako. Ukitaka kuona kazi yake, chukua kipande cha kamba kuukuu, kining'inize kitu kizito, ukikwaruze hapo mara kumi. Ganda la nje linafunguka kama ganda la muwa. Kamba iliyolegea inaweza kukusamehe. Iliyobeba mtu haina msamaha.

Kwa hiyo, kwanza jaribu kuuepuka ukingo kabisa: tafuta nanga iliyo juu zaidi, au chuma cha kutokeza nje kinachofanya kamba ianguke wazi. Ukishindwa, weka kinga: roli za chuma, au pedi nene ya turubai. Kipande cha zulia kinasaidia kwenye zege la mviringo. Kwenye bati hakifai, kitakatwa pamoja na kamba. Kinga ifungwe kwa kamba yake yenyewe juu ya paa. Nimeona pedi zisizofungwa zikisogea taratibu na fundi mpaka zikabaki pembeni, zimelala vizuri, hazilindi chochote.

Halafu tenganisha. Kamba ya kazi ipite kwenye pedi yake na ya akiba kwenye pedi yake, zikiwa mbali kiasi kwamba dosari moja haiwezi kuzifikia zote. Zikiwa zimelala pamoja juu ya pedi moja na pedi ikahama, umerudi kwenye kamba moja. Kwa jengo lenye kingo njiani, kama vibaraza vya kila ghorofa, kila ukingo mpya unahitaji kinga yake au nanga ya kati. Pedi ya juu haimlindi mtu kwenye kibaraza cha ghorofa ya tisa.

Hatua ya 4: Chini

Zungushia utepe na vizuizi, weka mtu mwenye kirungu cha mwanga au filimbi, na usimlipe ili akae kivulini. Spana iliyoachiwa kutoka mita 60 inafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 120 kwa saa. Kila kifaa kifungwe kwa kamba fupi kwenye hanesi, ile mikanda anayovaa fundi. Ndoo nzito iwe na kamba yake ya tatu, isining'inie kwa fundi.

Mikia ya kamba isitambae barabarani. Bajaji moja ikikanyaga na kuondoka nayo, fundi aliye juu ndiye atakayejua kwanza. Iache ndani ya mifuko yake, ining'inie juu ya vichwa vya watu.

Hatua ya 5: Panga uokoaji kabla haujahitajika

Mtu anayening'inia kwenye hanesi bila kusogea, kwa sababu amezimia au ameumia, damu hutuama miguuni na hali hubadilika ndani ya dakika chache. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa 114, na lipigiwe, lakini foleni ya Dar unaijua, na ngazi haifiki kila ghorofa. Anayemwokoa fundi ni fundi mwenzake.

Njia ninayoipenda ni kufunga kamba zote mbili juu kwa vifaa vya kushukia vilivyofungwa kufuli badala ya mafundo matupu, na kamba ya kutosha ya ziada ikabaki mfukoni paani. Mwenzako akizimia ghorofa ya 12, aliye juu anafungua na kumshusha taratibu mpaka chini, bila mtu wa pili kuvuka ukingo. Kwa mfano wetu hiyo ni mita 65 nyingine kwa kila kamba, na mteja atalalamika kuhusu bei. Mwonyeshe. Pale ambapo haiwezekani, kuwe na seti ya tatu ya kamba tayari juu na mtu anayejua kumfuata.

Akifika chini, mlaze na mpe huduma ya kwanza ya kawaida: njia ya hewa, kupumua, mapigo. Bado nasikia watu wakisema akalishwe nusu saa asilale. Ushauri huo ulipitiwa na taasisi ya usalama kazini ya Uingereza mwaka 2009, na ikaonekana hauna msingi.

Hatua ya 6: Vaa, kaguana, vuka

Hanesi: mikanda ya mapaja iruhusu kiganja kilicholala, si ngumi. Kofia iwe na mkanda wa kidevu. Kofia ya mjenzi isiyo na mkanda itakuacha mara ya kwanza utakapoinamisha kichwa kutazama chini.

Sasa mpangilio wa kuvuka, na usiubadilishe hata siku una haraka. Ukiwa bado mbali na ukingo, jifunge kwa kamba fupi ya mwilini kwenye nanga. Sogea. Weka kifaa cha akiba kwanza, kwenye kamba ya akiba, kisha kivute kwa nguvu kuelekea chini uone kama kinashika. Weka kifaa cha kushukia kwenye kamba ya kazi, kifunge kufuli. Mwenzako anagusa vifungo vyako na karabina, zile pete za chuma za kuunganishia, kimoja kimoja kwa kidole, na kwa sauti: "Karabina imefungwa. Kamba imepita sawa. Akiba iko juu." Kutazama tu hakutoshi, macho yanaona yanachotarajia, kidole hakidanganyiki. Kisha kaa. Ukiwa bado umeshikwa na ile kamba fupi, weka uzito wako wote kwenye kamba ya kazi na usikilize. Kifaa kilichopitishwa kamba kinyume kitajitambulisha hapa, sentimita kumi tu chini, ukiwa bado na kitu cha tatu kimekushika. Vikishasimama sawa, ndipo unaifungua kamba fupi, na inakuwa ya mwisho kufunguliwa.

Nilipokuwa Ghuba, msimamizi wetu, Mfilipino mmoja wa maneno machache, alikuwa akikuuliza kila mara kabla hujaifungua: "Umeshikwa na nini?" Ukijibu "kamba", unaanza upya. Jibu ni kutaja vyote viwili, kwa majina, huku unavishika.

Hatua ya 7: Kwenye kioo

Kifaa cha akiba kikae juu ya kifua, kisishuke kiunoni na kamba ikalegea. Vya aina ya ASAP, vya kampuni ya Petzl, vinakufuata vyenyewe. Vingine lazima uvisogeze kwa mkono, na hapo ndipo uvivu huingia. Usikishike kwa kiganja wakati wa kushuka. Mtu anayeanguka hukaza ngumi, na baadhi ya vifaa vikikazwa hivyo havishiki kamba.

Fundi akifika ghorofa ya kwanza huanza kupumua kama amefika nyumbani. Hesabu kwanza: kamba ya EN 1891 inaruhusiwa kunyooka hadi asilimia 5 ikiongezewa kilo 100. Ukiwa juu una kamba mita tatu juu yako, mnyooko ni wa vidole vichache. Ukiwa karibu na lami una mita 60 juu yako. Hata kwa asilimia 3 kamba ya akiba itanyooka karibu mita 2 kabla haijakushika. Lami haitakungoja. Chini ndiko kifaa cha akiba kinatakiwa kiwe juu kuliko kawaida.

Upepo: tuna kusi na kaskazi, na juu ya hizo kuna upepo wa bahari unaoamka mchana. Kati ya minara miwili iliyosimama jirani upepo hubanwa na kuongeza kasi, hata siku ambayo bendera ya jengo la mbele imelala. Anza saa moja asubuhi. Kampuni iwe na kikomo chake cha kipimo cha upepo kilichoandikwa, lakini dalili yangu ni mikia ya kamba: ikianza kupeperuka na kujizungusha kwenye pembe za jengo, tunaacha kazi. Ngurumo ikisikika popote, tunaacha kazi bila mjadala. Jua nalo si la kudharau. Kioo kinakurudishia joto usoni. Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kati ya Juni 15 na Septemba 15. Huku hakuna anayekukataza, basi jikataze.

Dawa: kamba nyingi hizi ni nailoni, na nailoni na asidi hazipatani. Dawa nyingi za kutoa madoa ya maji ya chumvi kwenye vioo zina asidi. Ikidondokea kamba, hutaona shimo. Kamba itaonekana nzima huku nyuzi za ndani zimekufa. Tumia sabuni ya kawaida kadiri inavyowezekana, na kamba iliyoguswa na asidi au jiki iondoke kazini siku hiyohiyo. Vilevile usiisafirishe nyuma ya pikapu karibu na betri.

Kufungasha

Mchana ukiisha, kila kamba ipite mkononi mita kwa mita, bila glavu, ikunjwe kama nyoka mfukoni. Unatafuta mahali pagumu, palipovimba, palipoingia ndani, au palipong'aa kwa joto la kifaa cha kushukia. Ukipata, kata hapo hapo vipande vifupi vifupi. Kamba mbovu iliyobaki ndefu huzawadiwa fundi rangi, naye ataifunga kiunoni.

Ioshe kwa maji baridi matupu, ianikwe kivulini. Namba yake, saa ilizotumika na tarehe ya ukaguzi ziandikwe kwenye daftari. Ukaguzi kamili wa mtu mwenye ujuzi uwe kila miezi 6. Hanesi na karabina vivyo hivyo. Halafu kila fundi anajaza kitabu chake cha saa, msimamizi anasaini, na ufunguo wa paa unarudi kwa mlinzi.